Ukizamia Diani, Usikimbilie Sironga

Nunua pakiti ya kripsi Mombasa, itie kwenye begi, upande basi la kwenda Nairobi kisha uunganishe la Kisii. Ukipita Limuru, kabla gari halijaanza kuteremkia Mai Mahiu, itoe uitazame. Imevimba hadi inakaribia kupasuka. Hakuna aliyeongeza kitu ndani yake. Shinikizo la hewa ya nje limepungua kadiri barabara ilivyopanda, na hewa iliyofungiwa ndani imetanuka. Mzamiaji aliyetoka majini Diani mchana huo, naye yumo ndani ya basi hilo hilo akirudi kwao Nyamira, afahamu kwamba mwili wake umepanda mlima ule ule.

Nayaandika haya kwa kijana wa Sironga, Keroka au Kisii mjini anayetaka kuanzisha klabu ya kuzamia kwa mtungi pamoja na wenzake. Kuishi mbali na bahari hakumzuii. Kuogelea hufundishwa bwawani, nadharia hufundishwa darasani, na Pwani hufikika kwa basi. Tatizo ni kwamba kozi nyingi humfikiria mtu ambaye akimaliza kuzamia atalala usawa wa bahari. Mtu wa Gusii halali huko. Kisii mjini ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukielekea Sironga unazidi kupanda. Shinikizo la hewa huku limepungua kwa takriban moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa.

Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Ukiwa mita 20 chini ya bahari, shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, na naitrojeni huyeyuka kwa wingi katika damu, mafuta na maungio. Ukipanda polepole, gesi hiyo hutoka kupitia mapafu bila madhara. Ukipanda haraka, hugeuka viputo humo humo mwilini. Mwaka 1908 mwanasayansi John Scott Haldane, akishirikiana na Boycott na Damant, alichapisha matokeo ya utafiti uliotumia mbuzi ndani ya chumba cha shinikizo. Mbuzi aliyepunguziwa shinikizo upesi mno aliinua mguu wa mbele akakataa kuukanyagia. Kutokana na mbuzi wale dunia ikapata majedwali ya kwanza ya kuwapandisha wazamiaji kwa hatua.

Lakini ukitoka majini gesi haijaisha. Itaendelea kutoka kwa saa nyingi, hata kama ulipanda kwa mwendo wa mita tisa kwa dakika na ukasimama dakika tatu kwenye mita tano kama ulivyofunzwa. Kwa hiyo Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja ya kawaida, angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa, na zaidi sana ya hizo kama mbizi ilihitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda. Ushauri huo uliandikwa kwa kufikiria shinikizo la ndani ya ndege, linalolingana na mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Limuru, Kisii na Sironga zote zimo humo. Mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na basi.

Basi ratiba ya safari ni sehemu ya mafunzo, na kwa klabu ya milimani naiona kuwa sehemu nyeti kuliko zote. Kuzamia Jumamosi na Jumapili kisha kupanda basi Jumapili jioni ili Jumatatu watu wawe kazini ni ratiba mbaya, hata kama kila kitu majini kilikwenda sawa. Zamieni Ijumaa na Jumamosi, mbizi ya mwisho iishe saa sita mchana. Jumapili nendeni mkaitembelee Fort Jesus, mnywe maji ya kutosha, basi liondoke jioni. Mmepata saa 30. Gharama ya malazi ya usiku mmoja zaidi iingizwe katika ada tangu mwanzo, ili asipatikane wa kusema hana pesa ya kusubiri.

Dalili za madhara ya viputo hivyo vya naitrojeni hujificha. Maumivu ya bega husingiziwa begi, ganzi ya mguu husingiziwa kiti, na uchovu husingiziwa safari. Kiongozi asikubali visingizio hivyo. Mwanachama akianza kulalamika gari likiwa Voi, ashuke hapo, alazwe, apewe oksijeni safi ambayo klabu inapaswa kuwa imeibeba, na apelekwe hospitali huku daktari anayejua maradhi ya wazamiaji akipigiwa simu. Asiendelee kupanda kwa matumaini kwamba atatibiwa nyumbani. Tiba kamili ni chumba cha shinikizo, na hicho hukikuti katika hospitali ya kawaida ya kaunti.

Wengine watauliza kwa nini wasitumie Ziwa Victoria lililo karibu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo mita 18 za pale zihesabiwe kama 20 hivi za baharini, na kompyuta ya mkononi iwekwe kwa mwinuko na maji yasiyo na chumvi. Ghuba ya Winam ina tope, magugumaji, viboko na kichocho. Halafu barabara ya kurudi kupitia Ahero, Sondu na Oyugis inakupandisha mamia ya mita siku hiyo hiyo. Klabu changa isianzie huko.

Ianzie bwawani, na bwawani isiwe na haraka. Kabla ya mtungi, mwanafunzi aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika kumi. Kisha lije zoezi linalowashinda wengi: kupiga magoti sakafuni mwa bwawa, kuvua miwani, kubaki macho wazi ukipumua kwa mdomo, kuivaa tena ikiwa imejaa maji, kuikandamiza kwenye paji la uso na kupuliza kwa pua hadi ikauke. Maji yakimwingia puani, mwanafunzi hubana pumzi na kuchupa juu. Mwalimu mzuri hukaa mbele yake, mkono mmoja umeshika kamba ya jaketi lake, kwa sababu hewa ya mtungi iliyobanwa kifuani hutanuka akipanda. Kina cha mita moja na ushei chatosha kupasua pafu. Asiyeweza zoezi hili kwa utulivu, mara baada ya mara, asipelekwe baharini, hata kama nauli imelipwa. Kadhalika mwenye pumu, kifafa au selimundu asiingie majini bila daktari kumchunguza na kuandika.

Liko jambo jingine litakaloijia klabu ya huku mapema kuliko inavyodhani. Mtu atazama Mto Gucha, au kwenye shimo la udongo wa matofali lililojaa mvua, na chifu atakumbuka kwamba kuna vijana wenye mitungi. Uopoaji si kazi ya wanagenzi: tarehe 29 Septemba 2019 gari lililokuwa na mama na bintiye liliteleza kutoka feri ya MV Harambee kule Likoni. Lilipatikana kina cha mita 58, na liliopolewa tarehe 11 Oktoba, baada ya kazi kubwa ya wanamaji na wazamiaji weledi. Cheti cha kwanza cha mzamiaji wa burudani humruhusu mita 18, kwenye maji maangavu, akiwa na mwenzake. Hakimruhusu kupapasa gizani kwenye tope, mizizi na mkondo, huku familia ikilia ukingoni.

Kumnyima mfiwa msaada ni kazi ngumu sana, hasa kama mnafahamiana. Basi jibu liandikwe kwenye katiba ya klabu siku ya kuisajili, na chifu na polisi wapewe nakala pamoja na nambari za simu za vikosi vilivyofunzwa uokoaji: klabu itasaidia kwa kamba, maboya, taa na mashua, na hakuna mwanachama atakayeingia majini.