Mguu wa Safari Haukomazwi kwa Spiriti

"Dokta, nataka kuanza matembezi marefu. Nipake nini miguuni nisitoke malengelenge?"

Anayeuliza huwa ameshanunua viatu, ameshachagua njia na ameshawatangazia jamaa zake kwenye kundi la WhatsApp. Majira ya joto ya Uingereza yakikaribia, swali hunijia kutoka kwa Waswahili wa Reading, Birmingham na London waliogundua kwamba nyuma ya mtaa wao kuna mfereji, na kando ya mfereji kuna njia ya miguu inayokwenda mpaka mji mwingine. Mwezi Mei huja kutoka kwa wanaojiandaa kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, kwa miguu kuwahi Siku ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Kiangazi kikiingia, huja kutoka kwa vijana wa Dar es Salaam wanaotaka kutembea milima ya Usambara, Lushoto mpaka Mtae. Na kabla sijafungua kinywa, huongeza: "Au spiriti tu inatosha?"

Haitoshi, maana haina inachokifanya. Nimechoka kulisema hili mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalisema kwa wote.

Kwa wasioijua, dawa yenyewe hutolewa hivi: wiki kadhaa kabla ya safari, kila usiku paka spiriti ya hospitali nyayo zote, vidole na visigino, acha ikauke, ulale. Ngozi "itakomaa". Huku kwetu utaambiwa na askari mstaafu. Uingereza utaambiwa na wazee waliotembea mashambani maisha yao yote, nao wana uhakika uleule. Kwa hiyo msije mkajitetea kwamba hiki ni kitu cha Wazungu waliosoma. Hata huko ni porojo, tena ya siku nyingi.

Fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Weka ncha ya kidole cha shahada juu ya mgongo wa mkono wako mwingine. Kandamiza kidogo, kisha kisogeze kidole mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakifuata kidole, sivyo? Mfupa wa chini haukifuati. Sasa sogeza zaidi, mpaka ngozi ikatae kuvutwa. Hapo ulipofika ndipo lengelenge linapozaliwa, na tazama: kidole hakijasugua kitu. Hakijateleza hata nukta.

Ndivyo inavyokuwa ndani ya kiatu. Ukikanyaga, unyayo hunaswa na soksi, soksi nayo hunaswa na kiatu. Mfupa ulioko ndani bado una safari yake: kisigino kinapanda, mfupa unasogea, ngozi ya juu imebaki palepale. Katikati yao kuna matabaka ya ngozi hai yanayovutwa huku na huku, maelfu ya mara, hadi seli zinaachana na kufungua mwanya. Mwanya huo hujaa majimaji. Maji yale si uchafu wala sumu inayotafuta njia ya kutokea, kama baadhi yenu mnavyoniandikia. Na mpasuko uko ndani. Spiriti umeipaka juu, kwenye tabaka ambalo limeshakufa.

Hapo hunijibu: "Lakini ngozi ikiwa nene si itastahimili?" Jiulizeni wenyewe malengelenge huwatoka wapi. Kisigino, unyayo nyuma ya vidole, kiganja cha mtu aliyeshika jembe baada ya miaka ya kukaa ofisini. Ni mahali penye ngozi nene kuliko pote mwilini! Penye ngozi nyembamba mvutano uleule huleta mchubuko tu, kwa sababu ngozi ya juu hutoka mapema. Ili lengelenge litokee, panahitajika paa nene lisilokubali kuchanika. Na mwenye sugu nene kisiginoni ana balaa la ziada, maana lengelenge likimtoka hukaa chini ya sugu, kirefu, halionekani vizuri na halitoboki kwa urahisi. Kila msimu nawaona waliojivunia sugu zao wakija kwa kuchechemea.

Tena spiriti haileti hata hiyo sugu. Inachofanya ni kuyeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuikausha. Ngozi kavu ya kisigino, kama kila aliyewahi kukaa bara wakati wa baridi anavyojua, hupata nyufa. Ule ubaridi unaousikia ukipaka, ambao watu wanauita "dawa inafanya kazi", ni spiriti inaruka hewani ikiondoka na joto lako. Baada ya dakika chache haipo. Na kuna wanaotumia ile spiriti ya rangi, ya kuwashia jiko. Hiyo huwekwa methanoli makusudi isinyweke, ni sumu, na haina haki ya kukaa kwenye ngozi yenye michubuko. Mungu anisamehe, lakini hapo sina subira hata kidogo.

Sasa, kwa nini wazee wanaapa kwamba iliwasaidia? Kwa sababu mtu anayepaka spiriti wiki sita kabla ya safari ni mtu anayejiandaa. Wiki hizohizo alikuwa anatembea. Alianza na kilomita tano, akaenda nane, akafika kumi na tano, ndani ya viatu vilevile atakavyosafiria. Ngozi inayovutwa kidogo kidogo, ikapumzishwa, ikavutwa tena, hujijenga kweli. Hilo halina ubishi. Mazoezi yalifanya kazi, spiriti ikavuna sifa. Ukitaka kuhakikisha, mtafute aliyepaka wiki sita akiwa amekaa kwenye kochi, kisha mpeleke njiani kilomita ishirini na tano siku ya kwanza. Utamkuta ameketi kando ya njia, soksi mkononi.

Wabishi zaidi hudai kwamba kukausha mguu, kwa njia yoyote, lazima kusaidie. Kuna ukweli ndani yake, na umeshapimwa. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa kadeti wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani. Baadhi walipaka miguuni dawa halisi ya kuzuia jasho, yenye aluminiamu kloraidi asilimia 20, wengine wakapaka kitu kisicho na dawa, kisha wote wakatembea kilomita 21. Miongoni mwa waliopaka usiku tatu au zaidi kabla ya safari, asilimia 21 walitoka malengelenge, dhidi ya asilimia 48 ya wale wengine. Nzuri? Subiri. Asilimia 57 ya waliopaka dawa walipata muwasho wa ngozi, dhidi ya asilimia 6 upande wa pili. Hiyo ni dawa inayofunga matundu ya jasho kweli, na bado bei yake ndiyo hiyo. Spiriti haifungi tundu lolote. Dakika ishirini baada ya kuvaa buti unatoka jasho kama kawaida, na ngozi yenye unyevu hung'ang'ania soksi kuliko iliyo kavu.

Vaseline ni ndugu yake spiriti, mwenye tabia nzuri kidogo. Mwanzoni hulainisha, ngozi ikateleza badala ya kunaswa. Baada ya saa kadhaa imenywewa na soksi, ngozi imelowa, na msuguano umerudi, wakati mwingine kwa nguvu kuliko mwanzo. Ukiitumia, uwe tayari kuvua viatu na kupaka upya njiani. Maji ya chumvi nayapita. Kama unapenda kuloweka miguu jioni, loweka, ni starehe yako.

Kinachonisikitisha ni kwamba swali la kupaka huwafanya watu wasiniulize habari ya njia yenyewe. Chukua hiyo mifereji ya Uingereza, ambayo wanaoanza huiona rahisi. Njia za kando yake zilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliovuta mashua kwa kamba, kwa hiyo ni tambarare. Panapokuwa na mwinuko, kazi ya kupanda ilifanywa na maji, kwa vyumba vyenye milango vinavyopandisha na kushusha mashua. Grand Union, kutoka London hadi Birmingham, ni kama kilomita 220, na ina vyumba vya namna hiyo 166. Kennet na Avon, Reading hadi Bristol, ni kama kilomita 140, na pale Devizes vyumba 29 vimepangana kupanda mlima wa Caen. Kati ya seti moja ya vyumba na nyingine unaweza kutembea saa nzima bila mguu kubadili pembe. Kilomita moja ni hatua 1,300 hadi 1,400 hivi. Kilomita ishirini ni zaidi ya hatua 26,000, nusu kwa kila mguu, na kila hatua inavuta ngozi mahali palepale. Njia ya mlimani hukuchosha mapafu na mapaja, lakini mguu unapanda, unashuka, unakanyaga jiwe, unapumzika. Mtu wa mfereji huharibikiwa nyayo wakati pumzi bado anayo, na kwa kuwa hajachoka, hasimami.

Njia za kwetu zina tabia nyingine. Kando ya mifongo ya Wachagga, ile mifereji ya kumwagilia inayozunguka kihamba (shamba la familia) kimoja hadi kingine kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kijia ni chembamba, kina tope na majani yenye umande, na soksi huwa imelowa kabla ya saa mbili asubuhi. Lushoto adui ni kuteremka, pale vidole vinaposukumwa mbele ndani ya kiatu na kucha kuwa nyeusi. Mwea, nchini Kenya, kuna njia ndefu zilizonyooka kando ya mifereji ya mpunga, na kishawishi kikubwa ni kutumbukiza miguu iliyochoka majini. Usifanye hivyo. Maji yale yana konokono wa kichocho, na kichocho huingia kwa kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Wa Uingereza nao wasijione wamepona: mkojo wa panya huyapa maji ya mifereji vimelea vya leptospira, na kidonda kilicho wazi ni mlango wao.

Haya, cha kufanya, kwa haraka kwa sababu hakina siri.

Kiatu nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi za safari. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki upana wa kidole gumba. Kisigino kisipande na kushuka. Mtumba unafaa, wapo waliopata buti bora kwenye masoko ya Memorial, Moshi, na Gikomba, Nairobi, kuliko dukani, ila toa soli ya ndani usimame juu yake: vidole vikining'inia nje, kirudishe. Kikunje pia, na ukibonyeze kando ya soli. Buti lililokaa stoo miaka mingi linaweza kuonekana jipya na soli ikamomonyoka siku ya pili. Soksi za pamba acha nyumbani. Vaa jozi mbili, ya ndani nyembamba ya nailoni au poliesta, ya nje nene, ili mtelezo utokee kati ya soksi na soksi. Beba jozi kavu, badilisha mchana.

Plasta ya karatasi, ile nyepesi ya bei ndogo ya duka la dawa, bandika asubuhi kabla ya kuondoka, mahali unapopajua pana tabu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wakimbiaji 128 wa mbio za kilomita 250 za siku kadhaa, waliobandikwa plasta hiyo mguu mmoja. Uwezekano wa lengelenge ulipungua kwa asilimia 40. Hakuna kitu cha kupaka chenye rekodi hiyo kwa bei hiyo.

Mazoezi: anza na umbali unaoutembea leo bila maumivu, ongeza taratibu kila wiki, na kabla ya safari tembea siku mbili mfululizo, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayosema ukweli. Usimeze diklofenaki asubuhi "ya kuzuia"; jua, jasho na vidonge hivyo huumiza figo. Sehemu ikianza kuchoma, simama. Simama hapo hapo, usingoje mti wenye kivuli kilomita mbili mbele. Vua, kausha, bandika.

Limeshatoka? Dogo lisilouma liache. Kubwa lililojaa mahali pa kukanyagia, nawa mikono, safisha ngozi, toboa pembeni kwa sindano safi, kamua polepole, paa la ngozi liache mahali pake, funika. Usipitishe uzi na kuuacha ndani. Uzi ni njia ya kuingiza vijidudu. Wala usipake dawa ya meno; hiyo ni ya meno.

Mwenye kisukari asitoboe kitu na asianze matembezi haya kabla kliniki haijampima hisia za miguu, maana anaweza kutembea siku nzima juu ya kidonda bila kukisikia. Na yeyote atakayeona wekundu unasambaa kuelekea juu, usaha, au homa, asinitumie picha akingoja jibu. Aende hospitali siku hiyohiyo.