Mtoto Asiyeshiba Si Mlafi

Wengi wetu hufurahi kuona mtoto mnene. Husema ana afya njema. Lakini wako watoto wachache sana ambao unene wao ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Hula sana, na bado hulia njaa. Jirani huwaita walafi. Wazazi huwachapa. Je, fimbo inaweza kuondoa njaa? Haiwezi. Tujifunze sababu yake.

GHALA LA MWILI

Mkulima huweka mahindi na muhogo mkavu ghalani. Mwili nao huweka akiba. Ugali, migebuka na mawese huupa mwili nguvu. Chakula kinachozidi hugeuka mafuta, yakakaa tumboni na chini ya ngozi. Hilo ndilo ghala la mwili.

Mafuta hayo hutoa homoni iitwayo leptini. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na mwili, nacho hupita katika damu kupeleka habari. Leptini hufika kwenye ubongo na kuuambia kuwa ghala lina akiba. Hapo njaa hupungua.

Mwili usipoweza kutengeneza leptini, ubongo haupati habari. Ghala limejaa, lakini ubongo hudhani ni tupu. Basi humsukuma mtoto ale tena na tena.

WATOTO WAWILI WA UINGEREZA

Leptini iligunduliwa Marekani mwaka 1994. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Wote walizaliwa na uzito wa kawaida. Damu yao ilipopimwa, leptini ilikuwa kidogo mno.

Baadaye msichana huyo alidungwa sindano ya leptini kila siku. Njaa yake ilipungua. Katika mwaka mmoja alipungua kilo 16.

NANI ALAUMIWE?

Hakuna wa kulaumiwa. Mtoto hurithi ugonjwa huu kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao hawaumwi. Wafugaji wanajua: mbuzi weupe wawili huweza kuzaa mtoto mweusi. Rangi hiyo ilikuwa imejificha katika damu yao. Kwa hiyo mama asisemwe, wala jirani asishukiwe uchawi. Hatari huongezeka watu wa ukoo mmoja wanapooana.

TUFANYE NINI?

1. Mpeleke mtoto kliniki kupimwa uzito. Tazama kadi yake. Tunaogopa mstari unaposhuka. Tuangalie pia unapopanda upesi kupita kiasi.

2. Kama mtoto amenenepa sana tangu uchanga na hashibi kamwe, mweleze mganga wa zahanati. Omba barua ya kumpeleka Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ili madaktari wamchunguze na kushauri hatua inayofuata.

3. Usimchape wala kumcheka.

Watoto wengi wanene hawana ugonjwa huu. Hao wapunguziwe soda, maandazi na vyakula vya kukaanga, nao wapewe nafasi ya kucheza.

Ndugu wazazi, kuanzia Ujiji hadi vijiji vyote vya mwambao wa ziwa, mtoto anayelia njaa baada ya kula anatuambia jambo. Tumsikilize, kisha tumpeleke akapimwe.