Fishi ya ajali yenye ilikataa kufunguka Kalima

Mama mmoja wa hapa Kalima alikuja kwangu asubuhi na simu mkononi. Ni mjane. Bwana yake alifunikwa na udongo ndani ya shimo, tukamzika. Kuna biro moja, jina sitalitaja, ilimwambia ajaze fishi ya kutangaza ajali, wakamtumia hiyo fishi kwa WhatsApp. Akaniambia: « Papa delege, hii karatasi inasema ningoje. Nangoja tangu jana. »

Nilifikiri hajui kutumia simu. Nikafungua mwenyewe. Kweli: ukurasa mweupe, maneno machache ya Kifaransa yanayosema tafadhali ngojeni, na kama maneno haya hayaondoki, labda programu yako haiwezi kuonyesha karatasi ya namna hii. Hakuna pa kuandika jina. Hakuna pa tarehe. Tulijaribu simu tatu. Tukaenda kwa yule kijana mwenye jenereta na ordinatere, tukalipa, kwake pia vilevile: ngojeni.

Mwishowe mtoto wa ndugu yake alipanda moto mpaka Kindu, karibu kilometa 100, na barabara yetu mnaijua. Kule ordinatere moja ilikubali. Alijaza, akatoa kwa karatasi, akarudi ili mama atie sinyatire. Siku tisa zilikuwa zimeisha. Biro ikasema: mumechelewa.

Nilikasirika sana, nasema ukweli. Kisha nikaanza kuuliza vijana wenye wanajua hii kazi: juu ya nini PDF zingine zote zinafunguka kwa simu, na hii hapana? Jibu lao lilinishangaza, na naona kila familia ya mchimbaji inapaswa kulijua.

PDF ilitoka kwa kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993. Mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa ya shirika la ISO, namba 32000. Maana yake, maelezo ya namna inajengwa yamewekwa wazi, mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuifungua bila kuomba ruhusa kwa Adobe. Ni kama kle ya 13: unainunua duka lolote, na inafungua buloni ya 13 ya moto yoyote, ikuwe ya Uchina ao ya Uhindi.

Lakini ndani ya PDF kuna fishi za namna mbili, na hapo ndipo mama alinaswa. Ya kwanza inaitwa AcroForm, iko ndani ya PDF tangu mwaka 1996. Ni masanduku madogo yaliyowekwa juu ya ukurasa, unagusa, unaandika. Programu nyingi zinaijua, hata zile za bure. Ya pili inaitwa XFA. Hiyo ilitoka kwa kampuni ingine, JetForm, yenye Adobe ilinunua mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikaingizwa ndani ya PDF. Kwa nje jina la fishie ni lilelile, kwa ndani ni kitu kingine, na programu nyingi za simu haziwezi kuisoma. Zinaona ule ukurasa wa « ngojeni » tu. ISO yenyewe, ilipotoa PDF mpya mwaka 2017, ilisema XFA isitumiwe tena. Maofisini bado inatembea.

Mtu mmoja wa ofisi aliitetea mbele yangu: eti XFA inaongeza mistari yenyewe wakati watoto wa marehemu ni wengi. Ni kweli, inafanya hivyo. Lakini sisi tungeridhika na mistari kumi iliyo tayari na karatasi yenye inafunguka.

Baba yangu alitumika SOMINKI, ile kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha Symétain na kampuni zingine za madini za Maniema na Kivu, ikafungwa 1997. Ndani ya sanduku lake la chuma kuna karatasi ya mshahara ya mwaka 1984. Inahesabu kwa zaire, feza yenye haiko tena. Kampuni haiko tena. Nchi yenyewe imebadilisha jina. Lakini mtoto wangu wa msingi anaisoma: jina, namba ya mtumishi, siku za kazi. Wazee wa SOMINKI wenye walitunza makaratasi yao, hata panya wakila pembeni, wako na kitu cha kuonyesha. Mwenye hana karatasi, ana kinywa tu. Sasa uniambie, fishi ya XFA ya leo, nani ataifungua mwaka 2060?

Na haiko mambo ya ajali peke yake. Karte ya mchimbaji wa mikono ni ya mwaka mmoja, kila mwaka unajaza tena. Tangu Kode ya madini ilirekebishwa mwaka 2018, mchimbaji wa mikono anapaswa kuwa ndani ya koperative, kwa hiyo kuna liste za wanamemba. Kuna pia makarne ya etiketi: mfuko wa kashiteriti unapofungwa pale kwa shimo, ajenti wa SAEMAPE anaandika kilo na tarehe. Siku makarne hayo yataingia ndani ya simu, kama sisi hatuwezi kuyafungua, nani atajua kilo zetu zilikuwa ngapi?

Ndani ya sendika tumekubaliana hivi. Karatasi yenye inahitaji sinyatire ikuwe PDF ya masanduku ya kawaida, yenye inaweza pia kutolewa ikiwa tupu na kujazwa kwa biki, sababu wamama wengi hawana simu ya kioo. Word mimi siipendi kwa hii kazi: unafungua kwa simu ingine, mistari inaruka, na mtu anaweza kufuta hata swali lenyewe. Kwa kuandikisha watu wengi, kule kwa mashimo pasipo rezo, kuna programu za wazi kama ODK na KoBo. Jina KoBo ni la Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, maana yake kuhamisha. Unajaza bila intaneti, simu inatunza, rezo ikirudi inatuma. Na liste inatoka kama CSV, yaani mistari ya maneno na koma tu, yenye ordinatere yoyote inasoma. Wenye koperative waombe kopi ya hiyo CSV kila mwezi. Waiombe kwa barua.

Dosie ya mama ingali mezani. Tumeandika kuomba siku zihesabiwe kuanzia pale alipata fishi yenye inafunguka. Ile fishi, kijana mmoja wa Kindu ameijenga upya kwa namna ya kwanza, kurasa mbili, na sisi tumeiambatanisha na barua. Kabla ya kuituma niliijaribu kwa simu ya mama mwenyewe, ile ya kioo kilichopasuka. Ilifunguka mara moja, akaandika jina la bwana yake.