Ruhusa za Mafaili ya Kompyuta: Maana yake na Ulinzi wake

Neno ruhusa asili yake ni Kiarabu, nalo lina ndugu yake, ruksa, ambalo lilipata umaarufu wa pekee katika Tanzania wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, tangu 1985 hata 1995, watu walipompachika jina la Mzee Ruksa. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hayana mipaka: aliyeruhusiwa ameruhusiwa, basi. Katika kazi ya kompyuta, lakini, ruhusa haitajwi peke yake. Sharti ijulikane ni ruhusa ya nani, na ni ruhusa ya kutenda nini.

Mgawanyo huu si mgeni kwa watu wa ziwani. Pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, mtumbwi huwa na mwenyewe, ambaye pengine haendi ziwani kabisa. Huwa na wavuvi wake. Kisha wako watu wengine wote, wachuuzi na wapita njia. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie, na ambao mfano wake umefuatwa na Linux, umewagawa watu vivyo hivyo: mwenyewe, kundi, na wengine. Wako wafasiri wapendao kusema mmiliki badala ya mwenyewe. Neno hilo lafaa, ila laelekeza fikra kwenye mali, na hapo ndipo kosa huanza. Katika kompyuta, mwenye faili kwa kawaida ni yule aliyelianzisha. Karani akiingiza majibu ya vipimo vya wagonjwa, mashine humhesabu yeye kuwa ndiye mwenyewe, ijapokuwa hana haki yoyote juu ya habari zile.

Jambo hili si la nadharia tu. Huko Kisesa, katika wilaya ya Magu, mashariki ya mji wa Mwanza, watafiti walianza mwaka 1994 kuwafuatilia wakazi wa kata nzima, kaya kwa kaya: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, na nani ana virusi vya UKIMWI. Utafiti wa namna hiyo hauwezekani bila ya kuunganisha majina na majibu, wala hauwezi kuaminiwa na wanakijiji kama mafaili yake yako wazi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeamuru majibu ya kipimo yafanywe siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imepanua wajibu huo kwa kila ashikaye habari za watu.

Ruhusa zenyewe ni tatu, na kila moja ina tarakimu yake: kusoma 4, kuandika 2, kutekeleza 1. Tarakimu hujumlishwa, mwenyewe kwanza, kisha kundi, kisha wengine. Hivyo 640 maana yake ni kwamba mwenyewe asoma na kuandika, kundi lasoma tu, na wengine hawapati kitu. Namba inayofaa kuogopwa ni 777, ambayo humpa kila mtu kila kitu. Karani ambaye mwenzake ameshindwa kufungua faili hushawishika kuiandika, kwa kuwa papo hapo kila tatizo huonekana limekwisha.

Tafsiri ya kutekeleza yatosha kwa faili lililo programu, lakini kwa folda yapotosha. Folda haitekelezwi, ruhusa ile humwezesha mtu kupita ndani yake, na yamkini kupita lingekuwa neno bora zaidi. Pia ruhusa ya kufuta haimo katika faili lenyewe. Imo katika folda. Awezaye kuandika na kupita katika folda aweza kufuta faili ambalo hata kulisoma hawezi, kama vile mtu asiyeruhusiwa kupanda mtumbwi, lakini aliyekabidhiwa ufuo, aweza kuulegeza kamba ukachukuliwa na mawimbi. Wengi hulinda faili kwa 600 na kuliweka katika folda ya 777, wakalala usingizi. Panapokuwa lazima folda itumiwe na wote, tarakimu 1 huongezwa mbele, yaani 1777, na hapo mafaili hayafutwi ila na wenyewe, au na mwenye folda. Msimamizi mkuu wa mfumo hazuiwi na lolote kati ya haya.

Zaidi ya hayo, ruhusa hazisafiri na faili popote liendapo. Faili likinakiliwa kwenye flashi ya kawaida iliyopangwa kwa FAT, alama zake zote hupotea, na kila aiokotaye flashi ile asoma apendavyo. Dawa yake si ruhusa bali ni kuyafumba maandishi kwa ufunguo kabla hayajatoka.

Matata mengine huja mkataba wa karani unapokwisha. Kumtoa katika kundi hakutoshi ikiwa bado ameingia katika mfumo, kwa maana kikao alichokwisha kukifungua huendelea na ruhusa zake za zamani mpaka kifungwe. Wala kuifuta akaunti yake si salama. Kompyuta haimkumbuki mtu kwa jina bali kwa namba. Akaunti ikifutwa, na namba ile ile akapewa karani mpya, mafaili yote ya yule wa kwanza yaliyosalia huwa ya huyu wa pili, bila ya mtu kuamua hivyo. Kwa sababu hiyo wasimamizi waangalifu huifunga akaunti bila ya kuifuta, wakayahamishia mafaili yake kwa mtu mwingine aliyeandikwa katika daftari.