Mama wa Nyumba na Maandalio ya Noeli

Mwezi wa Desemba umekaribia, na waalimu wengi wamekwisha kuanza kuwafundisha watoto nyimbo za Noeli na kuchagua watakaolivika kanisa matawi. Sisi leo twaandika habari za jikoni. Huenda mwalimu mmoja akauliza, Je, jikoni nako kuna habari ya kutiwa gazetini? Twamwomba asome mpaka mwisho, maana habari hii ilikuwa nyumbani mwetu miaka mingi, nasi hatukuijua mpaka tulipoambiwa.

Sisi twakaa Uchaggani, katika mitelemko ya Kilimanjaro ya upande wa kusini, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893. Watu wa kwetu ni watu wa kusafiri kutafuta kazi na biashara. Muda wa mwaka mzima vihamba vingi hukaa kimya. Utamwona mzee, na bibi, na ng'ombe zizini. Lakini Desemba ikifika, barabara itokayo Dar es Salaam, mwendo wa kilometa zipatazo 550, hujaa mabasi na motakaa usiku na mchana, na Desemba ya mwaka 2019 treni ya abiria nayo ilianza tena kufika Moshi baada ya miaka mingi. Kila mmoja hupenda kula Noeli katika kihamba cha babaye. Nyumba iliyokuwa na watu saba huwa na watu ishirini, na watu hao ishirini hufika tarehe 22, au 23, wakiwa wamechoka kwa safari, wakakuta vitanda vimetandikwa na chungu ki motoni. Hakuna aulizaye chungu kilitelekwa na nani, wala tangu lini.

Basi kilianza kutelekwa zamani. Tutaje mbege tu, maana mbege haiharakishwi. Mama hufanya hesabu yake kutoka siku ya sikukuu akirudi nyuma. Ndizi hukatwa mapema, zikawekwa ziive, na kuiva kwake huchukua kama juma zima. Kisha hupikwa, zikaachwa siku kadhaa mpaka zichache. Huku nyuma ulezi hulowekwa uote, ukaanikwa, ukasagwa. Na mwishoni uji wa ulezi hupikwa na kupozwa, ukachanganywa na maji ya zile ndizi yaliyochujwa. Mtu akikosea siku mbili tu, wageni watakunywa uji mtamu, au watakunywa siki. Wengine watatuuliza, Mbona nyumba ya mwalimu yapika pombe? Twajibu kwamba shangazi zetu wenye miaka themanini hawaijui sikukuu isiyo na kata ya mbege, na anywaye kwa kiasi hatukumkataza. Habari za ulevi tutaziandika mwezi mwingine.

Na hiyo ni kazi moja. Ng'ombe wetu hawatoki kwenda malishoni. Hukaa zizini, wakaletewa majani, na majani mazuri hukatwa chini tambarare, yakapandishwa mlimani kichwani. Ng'ombe hawajui Noeli. Watakula kama siku zote. Tena shule zimefungwa, watoto wote wamo nyumbani, wala kila mtoto akaaye nyumbani si msaidizi. Kuna mablanketi ya kufua, na magodoro ya kuazima kwa jirani. Kuna nguo za watoto kwa fundi cherehani, ambaye aliahidi tarehe 15, akaahidi tena tarehe 20. Kuna mchele wa kuchambua. Kuna gulio, ambalo mama huenda na mikungu ya ndizi akarudi na sukari. Na juu ya hayo yote kuna usafi wa kanisa, maana ni akina mama wafagiao na kupangusa mabenchi kabla ya sikukuu. Aliyempa mama wa nyumba yetu kuisimamia kazi hiyo ya kanisani ni sisi wenyewe. Tulidhani twamheshimu.

Mwaka 2023 Noeli iliangukia Jumatatu. Wasomaji wajua ya kuwa Majilio huanza Jumapili iliyo karibu na tarehe 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, na Jumapili zake ni nne sikuzote. Lakini idadi ya siku hubadilika. Mwaka 2022, Noeli ilipokuwa Jumapili, Majilio yalikuwa na siku 28. Mwaka uliofuata yalikuwa na 22 tu, na Jumapili ya nne ilikuwa tarehe 24 Desemba, siku ile ile ya mkesha. Tulilieleza jambo hilo kanisani kwa furaha. Tukaonyesha taji lenye mishumaa, tukasimulia jinsi Bwana Wichern alivyoianza desturi hiyo mwaka 1839 katika nyumba ya watoto maskini huko Hamburg, akiweka mishumaa juu ya gurudumu la gari, ili watoto waache kumwuliza kila siku kama Noeli imefika. Tukasema, Mwaka huu Majilio ni mafupi, basi tuitayarishe mioyo upesi.

Mama watoto alikuwa ameketi benchi la nyuma, karibu na mlango, apate kuwahi kutoka. Jioni alituambia, "Mwalimu, umesema Majilio ni mafupi. Sisi wa jikoni Desemba yetu ina siku zile zile, ila mwaka huu siku ya mwisho ni Jumapili, basi kazi ya siku mbili itafanywa Jumamosi." Tukacheka. Tulidhani ni mzaha.

Hata juma la pili la Desemba, usiku, twalitafuta karatasi ya kuandikia mahubiri. Tukaokota daftari kuu kuu la mtoto, tukalifungua, kumbe si hesabu za mtoto, ni hesabu za mamaye. Ameandika kwa kalamu ya risasi: mchele kilo kumi na tano, sukari, mafuta ya kupikia, ulezi, fundi cherehani, chumvi ya ng'ombe, viberiti. Mbele ya kila kitu ameandika fedha zake, na pembeni neno moja, "kikoba". Mstari wa mwisho ulisema, "Sare na viatu, kidato cha kwanza." Mbele yake hapakuwa na fedha, ameandika, "bado".

Wasomaji wavijua vikoba, vile vyama vidogo ambavyo akina mama huweka akiba kila juma, kisha wakagawana mwisho wa mwaka. Binti yetu alikuwa amefaulu, na Januari ataanza sekondari. Twajua sote ya kuwa ada ya shule za serikali iliondolewa, walakini sare, na viatu, na madaftari, na mkoba, hakuna aliyeviondoa. Fedha za kikoba zilikuwa za mambo hayo. Nasi tulikuwa tumekwisha kumwambia mtoto asiwe na wasiwasi.

Tukamwendea mama jikoni. Alikuwa akichuja.

"Mama, fedha za kikoba si zilikuwa za mtoto?"

"Ndizo, Mwalimu."

"Na huu mchele?"

"Wageni watakula nini?"

"Mbona hukuniambia?"

Akaliweka chujio chini. Hakukasirika, na heri angalikasirika. Akasema, "Mwaka juzi nilikuambia. Ukanijibu, Bwana atatoa. Naye alitoa, Mwalimu. Alitoa katika kikoba."

Hatukuwa na neno. Akaendelea, kwa sauti ya mtu asimuliaye habari za jirani, "Tena tangu tulipompata mtoto wetu wa kwanza sijaingia ibada ya mkesha. Ni miaka kumi na sita sasa. Nawasikia mkiimba, maana upepo huleta sauti mpaka hapa. Wimbo wa mwisho ukianza ndipo nijuapo ya kuwa mwarudi, nikatie kuni."

Miaka kumi na sita! Na miaka hiyo yote sisi tulikuwa tumesimama mbele ya watu usiku ule, tukieleza habari za wachungaji walioacha kundi lao wakaenda Bethlehemu. Tumewahi hata kufundisha habari za Martha na Mariamu, tukamlaumu Martha kidogo, kisha tukaenda nyumbani kula chakula cha Martha.

Usiku huo hatukuandika mahubiri. Tulikaa tukifikiri mambo haya yalianzaje, maana mama yetu aliyetuzaa hakutumia fedha zake kwa Noeli. Wazee wa kwetu waliifanya sikukuu kwa fedha za kahawa. Tangu chama cha ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, baba wa nyumba aliuza kahawa yake huko, naye ndiye aliyenunua kanzu za watoto, na mchele, na mnyama wa kuchinja. Kahawa ilikuwa mali ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, kwa chakula cha kila siku. Hivyo mama alitoa mikono, na baba alitoa fedha. Kisha mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa mafungu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka sana, na watu wengi Uchaggani wakaiacha mibuni yao, wengine wakaing'oa. Baba yetu aliing'oa nusu. Lakini hakuna baraza lililokutana kusema, Fedha ya baba imekwisha, basi sikukuu na ipunguzwe. Sikukuu ilibaki kubwa vile vile, ikahama polepole kutoka mbuni wa baba kwenda mgomba wa mama, na kwa kuwa mama hakulalamika, sisi tuliona ni baraka.

Asubuhi tuliwapigia simu ndugu zetu walio mjini. Twakiri kwamba tuliona haya. Mwalimu kuomba mchele! Ndugu yetu mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, miaka yote hii mimi nilidhani wewe ndiwe unayenunua." Akatuma fedha siku ile ile. Mwingine aliahidi, akatoa sababu, akaahidi tena. Mwisho alikuja na mafuta ya kupikia na udhuru mwingi. Dada yetu hakutuma kitu, bali alifanya lililo kubwa kuliko fedha: alipanda basi tarehe 18, akafika kabla ya watu wote, akamwambia mama watoto, "Wifi, nionyeshe majani yakatwapo wapi." Mikono yake ilikuwa imeisahau kazi hiyo, akajikata kidole siku ya kwanza.

Neno la mkesha lilikuwa gumu zaidi. Tulisema mbele ya wote kwamba usiku ule mama atakwenda kanisani, na machalari yatapikwa na wanaume. Mama yetu mzee akashika kichwa. "Mwanamume apike ndizi? Watu watasema amerogwa." Ndugu yetu mdogo akamjibu kwa upole, "Mama, mbuzi akichinjwa, kisusio hupikwa na nani? Si sisi?" Mzee akafikiri. Akasema kisusio ni kisusio, na ndizi ni ndizi. Lakini hakukataza tena, ila aliketi mlangoni pa jiko jioni nzima na fimbo yake, akiangalia, akisema mara kwa mara ya kuwa moto ni mkubwa mno. Na kweli ulikuwa mkubwa mno.

Mambo mengine hayakwenda sawa. Mbege ilipunguzwa ili mama apate nafasi, ikaisha kabla ya saa sita mchana wa sikukuu, na mjomba mmoja alilitaja jambo hilo mpaka Pasaka. Machalari yaliungua chini, na juu yalikuwa na chumvi nyingi. Usafi wa kanisa tulimwondolea mama, tukawapa vijana wa kwaya, ambao waliacha buibui katika dirisha moja la mashariki. Na sare ya binti ilishonwa tarehe 4 Januari, karibu sana na kufunguliwa kwa shule, lakini ilishonwa.

Tarehe 24 asubuhi tuliwasha mshumaa wa nne, na jioni kengele ya mkesha ikapigwa. Mama watoto alikuja na kitenge kilichopigwa pasi. Hakuketi nyuma. Alipita katikati na wifi yake mpaka benchi la tatu, na wale walioketi hapo walisogea, wakimtazama kama mgeni atokaye mbali. Aliimba nyimbo mbili za kwanza zote, kwa sauti ya pili, ambayo tulikuwa tumesahau ya kuwa anayo.

Kisha tukapanda kuhubiri. Tulikuwa tumeyaandika mahubiri yale kwa bidii kuliko ya mwaka wowote. Hata hatujafika kwa wachungaji, tulimwona mama kichwa kikiinama, kikainuka, kikainama tena, hata kikalala begani mwa wifi yake. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa nyuma yake akanyosha mkono amguse. Tukamtikisia kichwa, amwache, tukaendelea kusoma kwa sauti ya chini zaidi.