Speke ana mnara Jinja. Je, Bombay?

NAMATALA, Mbale – Mto Namatala huteremka kutoka Mlima Elgon, hupita kando ya mtaa wenye jina lake hapa Mbale, kisha huingia katika vinamasi vya Mpologoma. Kutoka huko maji yake huenda Ziwa Kyoga, na humo hukutana na maji yaliyotoka Jinja, yaani mto Nile, ambao Wasoga huuita Kiyira. Kwa hiyo habari za Nile haziwahusu watu wa Jinja peke yao. Zinamhusu pia Mgisu, Mteso, Mgwere na Mkaramojong wanaoishi bega kwa bega katika mtaa huu.

Swali la nani aligundua chanzo cha Nile lina jibu ambalo wengi wetu tulilikariri shuleni: John Hanning Speke, Mwingereza, tarehe 28 Julai 1862. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, wenyeji walikuwa wakivua samaki na kuvuka mto pale kwa vizazi vingi, na Jinja yenyewe imepata jina kutokana na mawe ya mahali hapo. Pili, Speke hakuja peke yake. Msafara wake ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji za leo. Akiwa bado mtoto alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, akauzwa Kilwa na kupelekwa India. Bwana wake alipofariki, Bombay alipata uhuru, akarudi Zanzibar na kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Richard Burton na Speke walimkuta katika kambi ya askari karibu na Pangani, wakamwajiri.

Kilichomfanya awe wa lazima ni lugha. Huko India alikuwa amejifunza Kihindustani, lugha ambayo Speke naye aliijua kwa kuwa alitumikia jeshi huko. Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akawaeleza wapagazi kwa Kiswahili. Walipofika kwa Kabaka Mutesa, mkalimani mwingine aliyageuza maneno hayo kuwa Kiganda. Bila mnyororo huo, Speke angekuwa bubu mbele ya Kabaka.

Baada ya hapo msafara ulifuata Nile hadi Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, na kuendelea mpaka Misri. Mwaka 1871 Bombay aliongoza askari wa Henry Morton Stanley katika safari ya kumtafuta David Livingstone, aliyepatikana Ujiji. Stanley mwenyewe ameandika kwamba alimpiga Bombay njiani. Kati ya 1873 na 1875 Bombay alivuka bara zima pamoja na Verney Lovett Cameron, kutoka Bahari ya Hindi, kupitia Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza ilimpa medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Lakini Bombay hakuacha kitabu. Tunayoyajua juu yake yamepitia kalamu za waajiri wake, ambao leo wangemsifu na kesho wangemkejeli.

Tumtazame Mjapani Shirase Nobu, luteni wa jeshi, mtoto wa kasisi wa Kibudha. Mwishoni mwa 1910 aliondoka Tokyo kwa meli ndogo iitwayo Kainan Maru, akielekea Ncha ya Kusini. Jaribio la kwanza lilizuiwa na barafu, na ikabidi kikosi chake kisubiri Sydney kwa miezi kadhaa. Tarehe 28 Januari 1912 alifika nyuzi 80 na dakika 5 kusini. Hapo aligeuza njia, akiwa bado mbali sana na ncha yenyewe. Roald Amundsen wa Norwei alikuwa ameshafika huko Desemba 1911.

Kwa hesabu ya mashindano, Shirase alishindwa. Aliwarudisha watu wake wote wakiwa hai, lakini madeni ya safari yalimfuata kwa miaka mingi, na alikufa maskini mwaka 1946. Hata hivyo, nchi yake haikumwachia usahaulifu. Leo jina lake limo katika ramani ya Antaktika, meli ya Japani ya kuvunja barafu inaitwa Shirase, na katika mkoa wa Akita alikozaliwa kuna makumbusho yake. Watoto wa Kijapani hawakungoja mgeni aje kuwaambia kwamba mtu wao alifika.

Sisi je? Maporomoko ambayo Speke aliyabandika jina la Ripon yalizamishwa na bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa linaitwa Nalubaale. Maporomoko hayapo, lakini mnara wa Speke umesimama ukingoni.

Wapo watakaosema kwamba Bombay aliwatumikia watu ambao safari zao zilitangulia ukoloni. Ni kweli, na jambo hilo lisifichwe. Lakini ukimfuta yeye na kumwacha Speke, ukoloni unabaki palepale. Anayetoweka ni Mwafrika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inatafuta mashujaa wa pamoja. Huyu hapa mtu ambaye Tanzania, Uganda, Sudan Kusini na Kongo zote zinaweza kumwita wao, na chombo chake cha kazi kilikuwa Kiswahili. Kumrudishia heshima hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kibao kimoja Jinja, sura moja katika kitabu cha shule, na waongoza watalii watakaotaja majina mawili badala ya moja.