Ufalme Uliotumikia Mabwana Wawili

Kusini ya Japani kuna visiwa vya Ryukyu. Zamani vilikuwa na mfalme wake, aliyekaa katika ngome ya Shuri, kisiwani Okinawa. Utajiri wake ulitoka China: alimpelekea Kaizari wa huko tunu, na wajumbe wake wakapewa ruhusa ya kufanya biashara.

Wajapani waliitamani sana biashara hiyo, maana baada ya kuishambulia Korea, mwaka 1592 hata 1598, China haikutaka kupatana nao. Basi mwaka 1609, kwa idhini ya Tokugawa Ieyasu, mtawala wa Satsuma alipeleka askari wapatao 3,000 wenye bunduki. Mfalme Sho Nei alishindwa, akachukuliwa mateka Japani, asirudi kwake mpaka 1611, alipokwisha kuapa kuwatii Satsuma. Waziri wake Jana alikataa kutia sahihi kiapo hicho, akauawa.

Visiwa vya kaskazini vilitwaliwa kabisa, na vingine vikatozwa kodi. Lakini kiti cha mfalme kiliachwa, wala si kwa huruma: bila mfalme, mlango wa China ungefungwa. Kwa hiyo wajumbe wa China walipokuja kumtawaza mfalme mpya, maofisa wa Satsuma walitoka mjini wakajificha kijijini mpaka wageni waondoke. Yaelekea Wachina hawakukosa kushuku, ila walinyamaza. Mambo yakaendelea hivyo zaidi ya miaka 200, hata mwaka 1879 Japani ilipouondoa ufalme huo na kuvifanya visiwa jimbo la Okinawa.